Mama Ngina asubuhi ya kusi, na mbwa wawili

Wengi huja Mama Ngina, ukingoni mwa bahari hapa Mombasa, jioni: mihogo, dafu, kutazama meli, kisha nyumbani. Mimi nasema njooni asubuhi, msimu wa upepo wa kusi, jua likiwa bado changa. Upepo unatoka baharini moja kwa moja unakupiga kifuani, na mtandio usipoubana kwa pini utauokota mbuyuni.

Sisi huenda kundi, mimi na mashoga zangu wawili na mbwa wao: mmoja wale wakubwa wa kipolisi, mwingine koko aliyeokotwa Kongowea. Mie Mwislamu, na kwetu mate ya mbwa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Basi koko huyo kanizoea, hunifuata kwa hatua tatu nyuma kama aliyesomeshwa fiqhi.

Njia yenyewe ni pana tangu itengenezwe upya (Sikukuu ya Mashujaa ya 2019 ilisherehekewa hapo), mnatembea watatu sambamba bila kubanana. Lakini utamu uko ukingoni. Jabali ni la matumbawe, na mawimbi yamelila kwa chini mpaka juu pamebaki pananing'inia. Wimbi la kusi likijipiga mle ndani unalisikia nyayoni kabla halijafika masikioni, halafu rasharasha za chumvi zinakupanda usoni. Koko alipiga chafya, akaibwekea bahari nzima. Hapo kamba iwe fupi mkononi, kwani mawe yale yana makali na yanachana miguu ya mnyama.

Meli nazo! Mlango wa Kilindini ni mwembamba, kwa hiyo ya makontena inapita karibu hata baharia aliye sitahani ukimpungia mkono naye anakupungia. Honi ilipolia, lile jibwa la kipolisi lilirudi kinyumenyume hadi miguuni mwa mwenyewe. Tulicheka mpaka basi.

Kasoro ni kivuli. Mibuyu ipo, minene mashallah, ila haitoshi, na sakafu inashika moto upesi. Ikifika saa nne weka kiganja chini. Kikikuunguza, mbwa naye mrudishe nyumbani. Tena si kila mtu anapenda mbwa. Bi mkubwa mmoja alituambia, "Wanangu, wapitisheni kule, mie nina udhu." Tukampisha. Haki yake, na ukija na mbwa Mombasa ujue hivyo kabla hujatoka.

Viti vya plastiki uliza bei kabla hujakaa. Muuzaji mmoja alitudai pesa ya viti juu ya pesa ya madafu, tukabishana naye hadi dafu likapata joto. Mihogo ya kukaanga, yenye ndimu na pilipili ya unga, hiyo sina neno nayo, lakini asubuhi mapema sisi hatujaipata. Bebeni chupa ya chai na mahamri yenu.