Somo la tabia: lipewe muhula wake au lichanganywe?

Chuo cha biashara kinachotaka kufundisha jinsi watu wanavyoamua kina njia mbili: somo la tabia lenye muhula wake, au kulichanganya ndani ya masoko na uhasibu.

Kuchanganya ni nafuu, na hapa Mombasa mifano haikauki. Nenda Marikiti umtazame muuza iliki. Mjuzi huweka kidogo kwenye mizani, kisha huongeza punje kwa punje mpaka itimie. Mteja anaondoka ameridhika. Anayejaza kisha akapunguza hukunjiwa uso, ingawa uzito ni uleule. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walilieleza hilo mwaka 1979: hasara huuma kuliko faida inavyofurahisha.

Lakini mwalimu wa uhasibu akibanwa na silabasi, kipande hicho ndicho cha kwanza kurukwa. Somo linalojitegemea lina mtihani wake, tena humfundisha mwanafunzi kupima: makundi mawili ya wateja, badiliko moja kwa kundi moja tu, kisha hesabu ya tofauti. Bila hilo anabaki na visa tu, na visa havimsaidii kupanga bei.

Mimi nachagua muhula kamili, tangu mwaka wa kwanza, na mazoezi yafanyike sokoni, si darasani.