Programu ya kubashiri chuma kitapinda wapi: nyota… ngoja kwanza

Jina silitaji, sitaki kesi, ila kama unaprinti chuma kwa leza, yaani kuyeyusha unga wa chuma tabaka kwa tabaka, ushaijua. Walituuzia kwamba inakwambia kabla hujawasha mashine kipande kitapinda wapi na kiasi gani. Haya, nikaweka breketi ya titaniamu yenye bawa refu jembamba, programu ikachora bluu kila mahali, yaani shwari. Usiku mashine ikasimama. Kufungua, ukingo wa bawa umejikunja juu ya unga kama chapati iliyolala, wembe wa kusambaza unga umeugonga mpaka umepata pengo, na unga wa titaniamu bei yake tunaijua.

Hapo bado sijakasirika. Nikawaandikia sapoti, nikatuma picha, faili, unene wa tabaka mikroni 30, kila kitu, kaka mmoja akajibu eti "umesoma mwongozo?" halafu akafunga tiketi hata sijamjibu. Mimi!!

Nilichouliza ni kitu kimoja tu, ile namba ya kunywea, yaani chuma kinavyosinyaa kikipoa, mmeitoa wapi. Maana modi yao ya haraka haihesabu leza inavyopita wala chuma kinavyopoa, inabeba namba iliyopimwa kwenye vipande vidogo vya majaribio, unavikata kwenye bamba la chini vilipoprintiwa, vinanyanyuka, unapima, basi namba hiyo inabandikwa kila tabaka. Kwenye kipande kinene sawa, lakini bawa jembamba lenye unga chini yake joto litapitia wapi, unga haupitishi joto kama chuma kizima, linarundikana humo humo na ile namba haina kazi tena. Mliipima kwenye mashine gani? Kimya. NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, tangu 2018 wameanika vipimo vya vidaraja vyao vya Inconel 625 (aloi ya nikeli), vilivyonyanyuka miguu ilipokatwa, kila mtu ajipime navyo, hawa hata grafu moja hawana.

Nilikuwa nawapa nyota moja. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba modi nzito, ile inayohesabu joto lenyewe, niliiacha ipige hesabu wikendi nzima na ikaonyesha bawa linanyanyuka pale pale lilipogongwa. Ikapindisha umbo kinyume, nikaongeza nguzo za kulishikilia bawa, nikaprinti, kikaingia tanuri kingali kwenye bamba, kikatoka kimenyooka mpaka bosi akasema lipieni mwaka mwingine.

Tatu basi. Au mbili na nusu, na nikimkuta yule kaka kwenye tiketi tena nazishusha zote.