Kipoza cha feni kwa prosesa iliyoongezwa kasi: kipi kinunuliwe Lubumbashi

Prosesa (chipu inayofanya hesabu za kompyuta) iliyoongezwa kasi kupita ile ya kiwandani mwezi wa Julai, wakati usiku wa Lubumbashi una baridi, inaweza kufanya kazi kwa wiki nyingi bila tatizo, kisha kompyuta ikaanza kujizima mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua kushika, joto la mchana linapopita digrii 30. Si lazima kuwe na kitu kilichoharibika. Kipoza cha feni hakiwezi kushusha joto la prosesa chini ya joto la chumba, na kila digrii inayoongezeka chumbani hupandisha joto la prosesa kwa karibu kiasi hicho hicho. Isitoshe, mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi, kwa hiyo feni huondoa joto kidogo kuliko majaribio ya Ulaya yanavyoonyesha. Ndiyo maana vipoza nimevipanga hapa kwa kuzingatia Oktoba ya Lubumbashi.

Joto linalozalishwa na prosesa hukua sambamba na kasi, lakini hukua kwa mraba wa volteji. Anayeongeza kasi kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10 anazalisha joto zaidi kwa karibu theluthi moja, na theluthi hiyo ndiyo anayoinunulia kipoza. Kabla ya kutoa pesa, na ahakikishe kwamba kompyuta yake inaruhusu kuongezwa kasi. Kwa kampuni ya Intel, kwa kawaida huhitajika prosesa yenye herufi K katika jina lake na ubao mama (bamba linalobeba prosesa) wenye chipuseti, yaani chipu inayouongoza, ya mfululizo wa Z. Kwa kampuni ya AMD, prosesa nyingi za Ryzen zimefunguliwa ziongezwe kasi, lakini ubao wa A520 hauruhusu, ilhali B550 na X570 zinaruhusu.

Chaguo la kwanza, na ninalipendekeza bila kusita, ni Thermalright Peerless Assassin 120 SE. Kina minara miwili ya mapezi ya alumini, mirija sita ya kupitisha joto na feni mbili za milimita 120, na kimo chake ni milimita 155. Kwa bei yake ya Marekani, ambayo kwa kawaida haifiki dola 50, kinakaribia sana vipoza vya bei maradufu. Sababu iliyonifanya nikiweke juu, hata hivyo, ni feni zake. Feni ya milimita 120 ndiyo ya kawaida kuliko zote, na hapa kwetu, ambako vumbi jekundu la kiangazi huchakaza feni mapema, uwezo wa kubadilisha feni pekee bila kuagiza kipoza kizima una thamani kubwa. Kasoro yake ni kwamba feni ya mbele huweza kugongana na vibao virefu vya RAM (kumbukumbu ya kompyuta); huinuliwa kidogo, nacho kipoza kikahitaji kasha pana zaidi.

Cha pili ni DeepCool AK620, chenye minara miwili, mirija sita na feni za ukubwa huo huo, ila kimo chake ni milimita 160. Kazi yake ni karibu ile ile. Ukikikuta mjini kwa bei nafuu kuliko ile ya kipoza cha kwanza pamoja na usafiri wake, kichukue.

Noctua NH-D15, kilichotolewa mwaka 2014, nimekiweka cha tatu ingawa ni bora kuliko vyote viwili hapo juu. Kina feni za milimita 140, kelele yake ni ndogo, na dhamana yake ni ya miaka sita. Anayehariri video za harusi usiku kucha, au mhandisi ambaye hesabu zake huishughulisha prosesa yote kwa saa nyingi, atafaidika nacho. Lakini huuzwa zaidi ya dola 100 huko ng'ambo kabla ya usafiri na ushuru, kimo chake ni milimita 165, na pamoja na feni kina uzito wa kilo 1.3. Uzito huo ukining'inia kwenye ubao mama huku kompyuta ikipita barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni hatari ya kweli. Kifunguliwe, kisafirishwe peke yake.

Vipoza vya mnara mmoja, kama Cooler Master Hyper 212 na DeepCool AK400, vina mirija minne na vinatosha kwa prosesa ya viini (cores) sita inayoongezwa kasi kwa kiasi. Kwa viini vinane au zaidi, sivishauri. Vile vidogo vinavyokuja ndani ya boksi la prosesa havifai kazi hii.

Jambo linalowapotezea wengi pesa ni kipimo. Pima kwa rula toka kwenye prosesa hadi ukuta wa kasha, kwa sababu makasha mengi membamba hayapokei hata milimita 155. Kisha angalia soketi, mahali prosesa inapokaa: kwa soketi za Intel, matundu ya kufungia kipoza ya LGA1700 yako milimita 78 kutoka moja hadi jingine, ilhali ya LGA1200 ni milimita 75, kwa hiyo kipoza kilichotumika Ulaya bila vifungio vyake kamili ni chuma kitupu. Muuzaji akuonyeshe kila skrubu.

Kuongeza kasi kwenyewe kufanywe taratibu, megahezi 100 kwa kila hatua, na kila hatua ipimwe kwa programu za kuitesa prosesa, kama Cinebench au OCCT, mchana wa joto, si alfajiri. Kwa Ryzen za mfululizo wa 5000, mimi hukomea digrii 85 prosesa ikiwa kazini kikamilifu, na sivuki volti 1.3 za kudumu. Ryzen 7000 nyingi zimeundwa kufika digrii 95 zenyewe, hivyo kipoza chake hupimwa kwa kasi inayodumu. Mara nyingi kupunguza volteji kupitia Curve Optimizer, mpangilio wa prosesa za AMD, huleta faida kubwa kuliko kuiongeza. Mwenye Intel ya kizazi cha 13 au 14 asiguse chochote kabla ya kuweka BIOS mpya (programu ya ndani ya ubao mama), kwa maana mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zikipewa volteji iliyozidi na kuharibika. BIOS hiyo iwekwe kompyuta ikiwa kwenye onduleri yenye betri nzima: umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao mama unaweza kufa.

Bajeti iachie nafasi pasta ya joto (inayopakwa kati ya prosesa na kipoza), brashi laini na vichujio vya vumbi vya kasha. Kuanzia Mei hadi Septemba mapezi yasafishwe kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa na feni ikiwa imeshikwa kwa kidole isizunguke. Unapong'oa kipoza kwenye soketi ya AM4 ya AMD, washa kompyuta kwanza ipate joto, izime, kisha kizungushe kipoza polepole kabla ya kukiinua, la sivyo kinaweza kung'oka pamoja na prosesa na kupinda pini zake.