TAHADHARI: Konveta "zilizojengwa upya" za Chevrolet C10, mimi nimeshapigwa

Ndugu zangu mnaofufua pikapu za zamani huku Texas, kuna muuzaji wa tokikonveta (konveta, kifaa cha mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi otomatiki) aliyeniuzia chuma kibovu kilichopakwa rangi nyeusi, na tangazo lake mpaka leo asubuhi bado lipo. Dola 425 zimekwenda, na giaboksi niliyotoka kuifanyia oveholi imekufa nayo. Jina lake silitaji kwa sababu benki bado inashughulikia malalamiko yangu. Nawaeleza anavyofanya, mtamjua.

Gari langu ni pikapu ya Chevrolet C10 ya 1971, injini 350, giaboksi otomatiki aina ya TH350. Tangazo lilisema konveta imejengwa upya, stoli 3,000, inaingia pikapu zote za GM (kampuni mama ya Chevrolet) za 1967 hadi 1987. Hapo tu ningepaswa kushtuka. Ndani ya miaka hiyo kuna giaboksi za Powerglide, kuna TH350, kuna TH400, na baadaye 700R4 ambayo konveta yake ina klachi ya kujifunga, yaani inaishika isiteleze ukiwa mwendoni. Hakuna konveta moja inayoingia kote huko.

Halafu hiyo stoli yenyewe. Ni mizunguko kwa dakika ambayo injini inafikia ukikanyaga mafuta huku magurudumu yameshikwa na breki, na konveta ileile itatoa namba tofauti kwenye injini dhaifu na injini yenye nguvu. Kwa hiyo fundi wa kweli anakuuliza kwanza: gari lina uzito gani, tairi inchi ngapi, difu namba ngapi (uwiano wa gia za ekseli ya nyuma), kemshafti ni ya kiwandani au umebadilisha, unavuta trela? Huyu hakuuliza hata moja. Alichotaka ni nitume pesa kwa Zelle (huduma ya kutuma pesa papo hapo kati ya benki za Marekani) kabla ya saa kumi na mbili jioni, eti kuna mwenzangu anaisubiri. Nikatuma.

Piga hesabu na gari langu. Difu 3.07, tairi inchi 28: ukiwa maili 60 kwa saa kwenye gia ya tatu, injini inazunguka kama mara 2,200 kwa dakika. Konveta ya TH350 ya miaka ile haijifungi, kwa hiyo ukiweka ya stoli 3,000 utasafiri barabara kuu nzima ikiteleza. Kuteleza kunazaa joto, na joto ndilo linalounguza mafuta ya gia. Kwa pikapu ya kwenda kazini yenye injini ya kawaida, konveta ya inchi 12 yenye stoli ya chini, karibu na ile ya kiwandani, ndiyo iliyonifaa.

Na hata hiyo 3,000 ilikuwa uongo. Siku ya kwanza gari liliondoka taratibu kama limepakia mchanga, likishakolea mwendo linatulia. Nikadhani kabureta. Nimehangaika na kabureta wiki mbili nzima, na muda wote huo uchafu wa ndani ya konveta ulikuwa unapita kwenye giaboksi mpya. Nilipochomoa kijiti cha kupimia, mafuta yalikuwa meusi na yananuka kama kitu kilichoungua.

Nikaishusha, nikaipasua kwa grinda. Konveta iliyojengwa upya lazima iwe imekatwa ikafunguliwa, kisha ikachomelewa tena, kwa hiyo mshono wake wa weldingi unaonekana mpya ukiizunguka. Hii ilikuwa na mshono wa kiwandani, na chini ya rangi kutu imejaa. Ndani kuna tope jeusi, ukilisugua kwa vidole linakwaruza. Steta, ile feni ya katikati inayoongeza nguvu wakati wa kuondoka, inazunguka kulia na kushoto bila kizuizi, wakati inatakiwa izunguke upande mmoja na kukamata upande wa pili. Ndiyo maana gari halikuwa na nguvu ya kuondokea.

Hayo yote ningeweza kuyaona kabla ya kufunga. Ingiza vidole shingoni ujaribu steta. Pitisha ukucha pale sili ya pampu inapokaa. Ukinasa kwenye mfereji, hiyo imechakaa. Itikise usikilize. Na hata konveta nzima inaweza kuvunja pampu ukiifunga vibaya: isukume ukiizungusha mpaka izame hatua zote tatu, kisha giaboksi ikutane na injini kwa mkono. Usiivute kwa bolti. Zikishakutana, konveta iwe bado na nafasi ya milimita 3 hadi 5 kabla ya kugusa flaiwili, ile sahani ya nyuma ya injini inayofungwa konveta.

Nilipompigia alisema nimeifunga vibaya, kisha akaizuia namba yangu. Wengine wawili wamenionyesha picha za konveta walizopokea kwake: rangi ileile, kutu ileile chini yake.

Mkimkuta, msilipe kwa Zelle, kwa kuwa pesa ikishafika kwake huwezi kuifuta. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo aandike malalamiko kwa benki haraka. Kisheria una siku 60 tangu ilipotumwa taarifa yenye malipo hayo. Na kama konveta yake iko gereji kwako na hujaifunga, usiifunge. Iinamishe usiku kucha juu ya beseni, asubuhi mimina kilichotoka kwenye kitambaa cheupe. Ukiona weusi au vumbi linalong'aa, piga picha kabla hujamwambia chochote.