Kipimo cha upitishaji umeme wa maji: kinafaa kwa mito iliyo jirani na visima vya gesi?

Anayetaka kukilinda kijito kinachopita karibu na visima vya gesi asilia, na ana uwezo wa kununua kifaa kimoja tu, mimi namwambia anunue kipimo cha mkononi cha upitishaji umeme wa maji. Changu nimekitumia masika na kiangazi, na siendi mtoni bila hicho. Ila kina mipaka, na mipaka hiyo haikuandikwa kwenye boksi lake.

Sababu ya kukichagua ni chumvi: maji yakiwa na chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi. Mwamba ukishapasuliwa kwa shinikizo la maji ili gesi itoke, sehemu ya maji hayo hurudi juu pamoja na chumvi iliyokuwa chini ya ardhi. Kwenye mwamba wa Marcellus, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, maji yanayotoka kisimani yanaweza kufikisha gramu 200 za chumvi kwa lita, wakati bahari ina gramu 35 hivi. Piga hesabu: lita moja ya maji hayo ikichanganyika na lita 1,000 za kijito, kila lita ya kijito inaongezewa miligramu 200 za chumvi. Kwa macho huoni tofauti, lakini kipimo kinapanda kwa mikrosimensi (kizio cha upitishaji umeme) 300 au zaidi. Vijito vingi vya milimani husoma chini ya 100 vikiwa safi, kwa hiyo ongezeko kama hilo utalikuta palepale.

Kukitumia ni rahisi. Kabla ya kutoka nakisawazisha kwa myeyusho wa 1413, ule unaosoma mikrosimensi 1,413 kwa sentimita ukiwa na joto la nyuzi 25. Myeyusho ukishaumimina usiurudishe chupani, utauharibu wote. Mtoni nasuuza ncha kwa maji ya hapohapo, nasimama nikitazama juu mkondo unakotoka ili tope la miguu yangu lisifike kwenye kipimo, kisha nakitumbukiza.

Hapo ndipo penye kasoro yake kubwa. Maji yakipata joto hupitisha umeme zaidi, kama asilimia 2 kwa kila nyuzi, na kifaa kinatakiwa kujirekebisha chenyewe. Kinajirekebisha kweli, lakini polepole. Kikitoka kwenye begi lenye joto na kuingia kwenye maji ya baridi, namba huendelea kutembea kwa muda, na mtu mwenye haraka ataandika namba ya uongo. Kiache majini mpaka namba itulie, ndipo uandike.

Halafu kuna kitufe cha pili, kile cha jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka. Kisikuvutie. Kifaa hakipimi kitu kingine hapo. Kinachukua usomaji uleule na kuuzidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani, kwa kawaida kati ya 0.5 na 0.7. Andika upitishaji umeme, hicho kingine kiache.

Pamoja na usomaji, andika kina cha maji. Maji yakipungua kiangazi chumvi ya kawaida hukolea na namba hupanda bila mtu yeyote kumwaga kitu; mvua ikinyesha hushuka. Mto unaopita kwenye chokaa unaweza kusoma mamia ya mikrosimensi kwa asili yake. Ndiyo maana nasisitiza kuanza kupima kabla mtambo wa kuchimba haujafika. Bila kumbukumbu za mto ulivyokuwa, utabishana na kampuni huku huna kitu mkononi.

Hata ukiwa nazo, kipimo hakitaji mwenye chumvi. Mwaka 2008 mto Monongahela, hukohuko Pennsylvania, ulipitisha kiwango cha miligramu 500 za chumvi na madini yaliyoyeyuka kwa lita kinachopendekezwa kwa maji ya kunywa. Maji taka ya visima vya gesi yalihusishwa, lakini kulikuwa pia na maji ya migodi ya makaa ya mawe, na mto wenyewe ulikuwa umepungua sana. Kipimo kingeonyesha namba ileile kwa yote hayo. Namba ikipanda pasipo sababu, chota sampuli na upeleke maabara wapime metali za bariamu na strontiamu, ambazo maji ya Marcellus huwa nazo kwa wingi.

Tope nalo hakilioni, wakati barabara za malori na mitaro ya mabomba hushusha udongo mwingi unaofukia wadudu waishio chini ya mawe, chakula cha samaki. Methani hakiioni kabisa. Wala hakiko mtoni usiku wa manane. Kwa kazi hiyo vinahitajika vituo vinavyobaki majini muda wote, kama vile vya Kamisheni ya Bonde la Mto Susquehanna huko Marekani, iliyoanza mtandao wake mwaka 2010 ikipima joto, asidi, oksijeni, upitishaji umeme na jinsi maji yalivyochafuka kwa tope bila kukoma.

Kikundi cha wapimaji wa kujitolea kinapata thamani kamili ya kifaa hiki, hasa mkiwa na viwili na kupima juu na chini ya eneo la visima siku ileile. Visawazisheni kwa chupa moja ya myeyusho kabla ya kuachana, na vikisomana tofauti hapo, msiende mtoni mpaka mjue kipi kina kasoro.