Kuunda Kompyuta ya Mezani ya Kwanza: Misingi Mitano, Kuanzia Inayokufaa Zaidi

Prosesa (ubongo wa kompyuta), mazabodi (bodi kuu inayounganisha vipande vyote) na RAM (kumbukumbu ya muda) havinunuliwi kila kimoja kivyake. Soketi ya mazabodi, yaani kikao cha prosesa, ndiyo inayoamua prosesa gani itakaa, na mazabodi hiyo hiyo ndiyo inayoamua kama RAM ni ya kizazi cha DDR4 au cha DDR5. Ukikosea hapo hakuna fundi wa kukuokoa: mkato ulio kwenye ukingo wa RAM ya DDR5 uko mahali tofauti na wa DDR4, kwa hiyo haiingii hata ukiisukuma. Vitu hivi vitatu kwa pamoja ndivyo ninavyoviita msingi, na mwongozo huu umepangwa kwa misingi, siyo kwa prosesa moja moja.

Nimepima kila msingi kwa mambo matatu. Je, vipande vyake hupatikana Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi bila kusubiri mzigo kutoka nje? Je, mtu ambaye hajawahi kufungua kompyuta anaweza kuviunganisha bila kuharibu kitu? Na je, baada ya mwaka mmoja au miwili anaweza kuongeza nguvu bila kutupa alichonacho?

1. Soketi ya AM4 ya AMD, na RAM ya DDR4

Hapa ndipo ningemwelekeza karibu kila anayeanza. Prosesa za Ryzen zilianza kuuzwa kwa soketi hii mwaka 2017, na miaka mingi baadaye bado zilikuwa zinatolewa mpya. Matokeo yake sokoni kuna vipande vingi, vipya na vya mtumba, na mafundi wengi wanavijua.

Chukua Ryzen 5 5600G. Ina koa (viini vya kazi) sita, inatumia wati 65, inakuja na feni yake ndani ya boksi, na ina michoro yake ndani, yaani sehemu ya kutoa picha kwenye skrini. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu unaweza kuwasha kompyuta, kusoma, kuhariri picha na kucheza michezo myepesi, kisha ukanunua kadi ya michoro pesa ikipatikana. Ryzen 5 5600 isiyo na herufi G haina michoro kabisa. Ukiinunua bila kadi, mashine itawaka, feni zitazunguka, na skrini itabaki nyeusi. Wanunuzi wengi hurudi dukani wakidhani wameuziwa kitu kibovu kumbe kila kipande ni kizima.

Mazabodi ya B550 au A520 inatosha. Ya B450 pia hufanya kazi, lakini uliza BIOS yake, ile programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, ni ya lini. Mazabodi iliyokaa stoo tangu 2019 haiijui prosesa iliyotoka 2021, na haitawaka mpaka BIOS isasishwe. Baadhi ya mazabodi za B550 za mwanzo zina shida hiyo hiyo. Muombe muuzaji aisasishe kabla hujalipa, au chagua mazabodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa.

RAM nunua vipande viwili vya GB 8, siyo kimoja cha GB 16. Michoro ya ndani ya 5600G hukopa RAM ya kompyuta, na kipande kimoja huibana sana. Kwenye mazabodi ya nafasi nne, vipande viwili kwa kawaida hukaa nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kasi ya 3200 inatosha.

Angalizo moja tu la mikono: pini za AM4 ziko chini ya prosesa yenyewe. Shusha prosesa kwa uzito wake, pembe yenye pembetatu ikilingana na alama ya soketi. Ikigoma usibonyeze.

2. Mashine ya ofisi ya mtumba, ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu

Kwa mwenye bajeti finyu hii hushindana na ya kwanza, na kwa mwanafunzi anayehitaji kuandika na kujifunza programu ningeiweka juu. Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotolewa maofisini Ulaya na Marekani zimejaa madukani. Unanunua nzima, unaongeza RAM na SSD (diski ya kasi ya kuhifadhi mafaili), baadaye kadi ndogo ya michoro.

Usishuke chini ya kizazi cha 8, yaani prosesa ambazo namba yake huanza na 8 kama i5-8500. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi karibu prosesa zote za Intel za kizazi cha 7 kurudi nyuma. Core i5-8500 yenye koa sita ni chaguo zuri.

Tatizo lake ni kwamba si kompyuta ya vipande huria. Pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme kwa vipande vyote) ya Dell na HP mara nyingi haina plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo huwezi kuingiza yoyote uliyoiona dukani. Mazabodi nayo mara nyingi haiingii kwenye kasha la kawaida. Nunua kasha refu la mnara, siyo lile jembamba la kulaza, maana jembamba hukubali kadi za michoro za kimo kifupi tu. Na chagua kadi isiyozidi wati 75 isiyohitaji kebo ya umeme ya ziada, kama baadhi ya GTX 1650.

Kuna mtego mwingine kwa anayetaka kubadilisha prosesa. Kizazi cha 6 na 7 vinatumia soketi iitwayo LGA1151, na cha 8 na 9 pia. Zinaonekana sawa, prosesa ya kizazi cha 8 hata inakaa kwenye mazabodi ya H110, lakini haiwaki. Jina la soketi pekee halitoshi, tazama chipseti, ile chipu ya mazabodi inayotajwa kwa majina kama H110 au B550.

3. Soketi ya AM5 ya AMD, na RAM ya DDR5

Kwa ubora wa teknolojia hii ndiyo ya kwanza. Ilitoka Septemba 2022, na AMD imeahidi kuendelea kuitolea prosesa hadi 2027 na kuendelea, kwa hiyo leo unaweza kuanza na Ryzen 5 7600 na baadaye ukabadilisha prosesa peke yake. Karibu prosesa zote za familia hii zina michoro kidogo ya ndani ya kuonyesha skrini, isipokuwa zenye herufi F kama 7500F.

Nimeishusha kwa sababu ya gharama. Inakubali DDR5 tu, na bei za RAM zilipanda vibaya kuelekea mwisho wa 2025. Mwenye kazi inayomlipa, mhariri wa video kwa mfano, asiogope kuingia hapa. Anayejifunza angoje. Pini za AM5 ziko kwenye mazabodi, nyembamba mno. Kifuniko cha plastiki cha soketi usikiondoe mpaka prosesa iko mkononi.

4. Soketi ya LGA1700 ya Intel

Core i3-12100 na i5-12400 ni prosesa nzuri na za bei ya wastani. Herufi F mwishoni, hapa pia, ina maana hakuna michoro. Kinachosumbua ni mazabodi: zipo za DDR4 na zipo za DDR5 kwa jina karibu lile lile, na tofauti imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye boksi. Soketi hii ilipokewa na LGA1851 Oktoba 2024, hivyo njia yake imefika mwisho. Na ukikutana na prosesa kubwa ya kizazi cha 13 au 14 ya mtumba, kuwa mwangalifu: Intel yenyewe ilikiri mwaka 2024 kwamba baadhi yake ziliharibika kwa volti iliyozidi, ikatoa marekebisho ya BIOS. Marekebisho hayo hayaponyi prosesa ambayo tayari imeumia.

5. Vifurushi vya Xeon (prosesa za seva za Intel) na mazabodi za X99 kutoka China

Koa 14 kwa bei ya chakula cha wiki chache huvutia, na Xeon E5-2680 v4 bado inafanya kazi. Mimi simshauri anayeanza. Haina michoro ya ndani, inakula wati 120, haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, na RAM yake ya seva haitafanya kazi kwenye mazabodi ya kawaida siku utakapohama. BIOS ikigoma, huna ofisi ya kupeleka.

Sasa pawa saplai, ambayo haina nafasi kwenye orodha kwa sababu kila msingi unaihitaji, na ndiyo watu hubania pesa kuliko zote. Kwa umeme wetu wa kupanda na kushuka, hapa ndipo pa kutumia. Wati 550 za kampuni inayojulikana zinatosha msingi wowote kati ya hiyo ya hapo juu pamoja na kadi ya michoro ya wastani. Alama ya 80 Plus inaeleza umeme kiasi gani haupotei njiani, haikuambii kama kinga za ndani ni za kweli. Saplai nyepesi mkononi inayojiita wati 700, iache hapo hapo kaunta. Ikiwa ina swichi nyekundu nyuma ya kuchagua 115 au 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka, la sivyo inalipuka papo hapo.

Na kebo: saplai zenye kebo za kuchomoa hazibadilishani kebo kati ya kampuni na kampuni, wakati mwingine hata kati ya modeli za kampuni moja. Plagi inaingia vizuri, lakini mpangilio wa nyaya ni tofauti, na SSD yako inaungua sekunde ya kwanza. Saplai ya mtumba iliyopoteza kebo zake usiinunue.

SSD ya M.2, ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, nayo ipo ya aina mbili za muunganisho, NVMe na SATA, kwa umbo linalofanana. Soma kitabu cha mazabodi kujua tundu linakubali ipi. Kasha lichukue saizi ya mazabodi yako, ATX au Micro-ATX, kisha pima urefu wa kadi ya michoro na kimo cha feni ya prosesa. Vinguzo vya shaba vinavyobeba mazabodi viwe chini ya matundu yake tu. Kimoja kilichozidi hugusa mgongo wa mazabodi na kuleta shoti.

Kabla ya kufunga chochote ndani ya kasha, weka mazabodi juu ya boksi lake, pachika prosesa na feni yake, RAM na saplai, uwashe hapo hapo dukani mpaka uone BIOS ikitaja jina la prosesa na kiasi chote cha RAM. Muuzaji mzuri hatakunyima dakika kumi hizo. UPS (betri ya kushikilia umeme unapokatika) nunua wiki hiyo hiyo, ukikumbuka kwamba nyingi za VA 650 hubeba chini ya wati 400.