Siku tatu Lisbon: vya kula, vya kuona na foleni za kuziruka

Naanza na ngazi maana ndo kitu cha kwanza Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ilichotupokea nacho. Tulichukua chumba mtaa wa Mouraria, mimi na rafiki yangu, picha nzuri, bei nzuri, tangazo linasema katikati ya mji na kweli ni katikati, ila hakuna aliyetuambia kwamba gari haifiki mlangoni, kichochoro ni ngazi mwanzo mwisho na chumba chenyewe kipo ghorofa ya nne, lifti hamna. Begi langu lilipoteza tairi moja kabla hata sijanywa maji. Kwahiyo ushauri wa kwanza, kabla ya chakula kabla ya makanisa: beba begi la mgongoni, viatu viwe vya raba yenye meno, maana zile njia zao wametandika vijiwe vidogo vya chokaa vyeupe na vyeusi, vina maua na mawimbi, vinapendeza hatari, na mvua ikidondoka kidogo tu vinateleza kama vimepakwa sabuni.

Kutoka eapoti mpaka mjini ni rahisi kuliko miji mingi, metro ipo palepale, laini nyekundu, unashuka Alameda unadandia ya kijani hadi Martim Moniz, kituo cha jirani na Mouraria. Kikadi cha nauli ni senti 50 na kila mtu awe na chake, hamuwezi kugonga wawili kadi moja. Kama utazunguka sana chukua tiketi ya masaa 24, inakula metro, mabasi na tramu. Na ujue kuna kodi ya jiji euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, wengi hawaihesabu wakipanga bajeti halafu wakifika mapokezi wanaanza kununa.

Sasa chakula, maana ndo kilichonipeleka.

Asubuhi yote ya Lisbon inaishia kaunta. Unaingia kwenye pastelaria yoyote ya mtaani, husubiri kukaribishwa, unasimama kaunta na wazee wa mtaa, unaagiza bica, ambayo ni kahawa nyeusi kakikombe kadogo kama ka dawa, na pastel de nata moja. Pastel ni kikombe cha unga wenye tabaka nyembamba zinazovunjika, ndani krimu ya viini vya mayai imeungua juu madoadoa meusi, unanyunyizia mdalasini. Ukikaa mezani, hasa ya nje, sehemu nyingine bei inapanda, kwahiyo simama kama wenyeji. Siku ya kwanza nilikula tatu, ya pili nne, ya tatu sitaji.

Na kwenye hizo hizo kaunta, pembeni ya keki, utakuta sambusa. Sio mfano wa sambusa, ni sambusa yenyewe, pembe tatu, wanaiita chamuça, imekuja na watu wa Goa na Msumbiji enzi zile za himaya yao na sasa Mreno anaila na bia bila kuuliza imetoka wapi. Yetu ilikuwa ya kuku, bizari nyingi, nikamwambia rafiki yangu bana tumesafiri kote huku kuja kula sambusa, akanijibu lete nyingine.

Mchana nenda tasca. Tasca ni vile vijimgahawa vya meza sita saba, kitambaa cha karatasi, menyu imeandikwa kwa mkono imebandikwa dirishani, "prato do dia" chakula cha siku. Kinachotawala ni bacalhau, samaki wa bahari za baridi aliyekaushwa kwa chumvi, ni ng'onda tu kwa lugha yetu, na cha kushangaza hawamvui kwao, kwa miaka mingi anatoka huko juu Norway na Iceland. Jaribu à Brás, anachambuliwa nyuzi nyuzi anapikwa na vitunguu, mayai na vipande vya viazi vyembamba kama njiti za kiberiti, juu wanatupia zeituni nyeusi. Mimi sikutegemea kitu, samaki na mayai na chipsi kwenye sahani moja, lakini nilipangusa sahani kwa mkate. Kuna pia kuku wa kuchoma wa piri-piri, na hiyo piri-piri ni pilipili yetu imeenda Ulaya ikarudi na jina la kigeni. Msimu wa kiangazi ni dagaa wakubwa, sardinha, wanachomwa mkaa mtaani, mwezi wa sita kwenye sikukuu ya Mtakatifu Anthony mji mzima unanuka moshi wa samaki.

Kwa asiyekula nguruwe: uliza, usione aibu. Mkate maarufu wa bifana ni nyama ya nguruwe, supu ya kijani caldo verde inaonekana ya majani na viazi tu lakini wanadumbukiza vipande vya soseji yake. Sema "sem porco", wanaelewa. Ukitaka kula bila mawazo kabisa, pale nyuma ya Martim Moniz, mtaa wa Benformoso, kuna Wabangladeshi na Wapakistani, nyama halali, biriani, kila kitu.

Halafu kuna mtego wa mkate. Ukikaa tu mhudumu analeta mkate, siagi, zeituni, wakati mwingine na jibini, anaweka mezani kama vile ni ukarimu. Sio ukarimu, inaitwa couvert na inalipiwa. Sheria yao inasema usichoagiza na usichokigusa hulipi, kwahiyo kama hutaki unasogeza pembeni unasema hapana asante, hakuna atakayekasirika. Sisi jioni ya kwanza tuliingia mgahawa mmoja maeneo ya Baixa, yaani mji wa chini, ule wa picha za chakula ukutani na kijana mlangoni anakuvuta mkono, tukala mkate wao kwa furaha zote, bili ilipokuja zeituni kumi na mbili zimekaa pale na bei yake kama mtu mzima. Samaki mwenyewe mkavu. Kosa letu, tulifuata njaa na taa. Kanuni niliyoishi nayo baada ya hapo: anayekuita mlangoni mpite.

Kitu kingine ambacho Mswahili atakifaidi kuliko mtalii mwingine yeyote ni maneno. Mimi Kireno sijui hata kidogo lakini nilikuwa nasoma mabango natabasamu peke yangu. Mesa ni meza. Bandeira bendera. Vinho mvinyo. Lenço leso. Ananás nanasi, limão limau. Igreja ni kanisa, na hapo ndo neno gereza lilipotoka, fikiria. Halafu yapo ambayo wao na sisi wote tumechota kwa Waarabu, azeitona zeituni, açúcar sukari, na mtaa wenyewe wa Alfama jina lake ni lile lile la hamamu, sababu ya chemchemi za maji moto zilizokuwepo pale. Waarabu walikaa ule mji karne nne hivi mpaka 1147, waliobaki wakasukumiwa huo mtaa wa Mouraria tuliolala sisi, maana yake mtaa wa Wamori, yaani hao Waislamu waliobaki.

Belém, mtaa wa kando ya mto, tulienda siku ya pili, tramu 15 au treni kutoka Cais do Sodré, treni haraka zaidi. Huu ndo upande ambao sikujua nijisikieje. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa 1501, mawe meupe yamechongwa kamba za meli, matumbawe, mpaka unataka kushika, na fedha yake ilitoka kwenye ushuru wa asilimia 5 wa biashara ya Afrika na Mashariki, pilipili na viungo. Foleni ya jua kali unayoiona nje ni ya ua wa ndani unaolipiwa, kanisani kwenyewe unaingia bure, na ukishaingia tu mlangoni kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama, amechongwa kwa jiwe amelala, mikono kifuani. Sasa huyu ni yule yule tuliyekaririshwa darasani, 1498, Mombasa ikamkatalia Malindi ikampokea wakampa na nahodha wa kumvusha mpaka India. Watu wanapiga selfie. Mimi nikasimama pale kama mtu aliyefika msibani kwa jirani ambaye hamkuelewana. Nikatoka, nikaenda kwenye ule mnara wa wavumbuzi uliojengwa mwaka 1960, urefu mita 52, chini yake sakafuni kuna ramani ya dunia ya marumaru, na pwani yetu ipo, imewekewa mwaka. Simama hapo kidogo, ni bure.

Hatua chache kuna duka la Pastéis de Belém, linauza tangu 1837, wanasema mapishi yametoka monasteri baada ya nyumba za watawa kufungwa 1834, na hadi leo wanaojua vipimo ni wachache wanapikia chumba kilichofungwa. Foleni ya nje inatisha, usikate tamaa, hiyo ni ya kubeba. Pita ndani, vyumba vinafuatana kama handaki na meza mamia, tulikaa ndani ya dakika kumi. Ni bora kuliko za mtaani? Unga wake unavunjika zaidi na krimu haina sukari kali. Bora kidogo. Sio bora kwa foleni ya saa nzima, ila kwa dakika kumi nenda.

Tramu 28 ile ya njano ya kwenye kila picha: mabehewa ya miaka ya 1930, inakwaruza kona za Alfama mpaka unaweza kuchuma nguo kwenye kamba ya mtu. Saa nne asubuhi imejaa watalii wamebanana na wezi wa mifukoni wanajua. Sisi tulipanda saa moja asubuhi Martim Moniz, tumekaa dirishani, watu sita tu, raha tupu. Ukichelewa usipande, itembee njia yake kwa miguu. Lifti ya chuma ya Santa Justa ya 1902 nayo ni hivyo hivyo, ipige picha chini halafu panda kwa miguu mpaka Carmo. Na Carmo usiikose. Ni kanisa lisilo na paa. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wako kwenye ibada na mishumaa imewashwa, tetemeko likapiga, bahari ikapanda, moto ukala kilichobaki. Mji wa chini wote wa Baixa umejengwa upya baada ya hapo, ndo maana mitaa yake imenyooka, na ndani ya kuta waliweka fremu za mbao ili nyumba icheze isianguke. Carmo matao yake wakayaacha wazi, unaangalia juu unaona ndege wanapita. Uwanja wa mbele ndo pale pale serikali ya kidikteta ilipojisalimisha 25 Aprili 1974, wanajeshi wana maua ya karnesheni kwenye mitutu.

Karibu na hapo, chini, Largo de São Domingos, kuna kanisa lililoungua 1959 na nguzo zake zimebaki zimebabuka, halijapakwa poda. Nje wamekaa kina mama na wazee wa Guinea-Bissau wanauza kokwa za kola na kupiga soga. Ni sehemu niliyojisikia nimefika kwa watu.

Fado, zile nyimbo zao za huzuni, tulisikiliza Alfama, kijumba kidogo, taa zikazimwa, na wakati wa kuimba hata uma hugongi. Chakula chake cha kawaida kwa bei isiyo ya kawaida, ila yule mama alipoimba rafiki yangu alilia, na huyu ni mtu halii.

Siku ya mwisho ndo niliyoipenda kuliko zote na hatukufanya chochote. Asubuhi bustani ya Estrela, wazee wanne mezani wanacheza karata, mchezo wa sueca, wamezungukwa na wengine sita wanaofundisha kwa nguvu. Nikasikia copas. Nikasikia ouros, espadas, paus. Kopa, uru, shupaza, pau! Na trunfo ni turufu. Mzee mmoja akaniona nimekodoa macho, nikamwonesha karata nikaitaja kwa Kiswahili, akawageukia wenzake akaanza kupiga kelele, wakanipa nafasi mchezo mmoja. Nilifungwa vibaya, kule saba inamzidi mfalme na hakuna aliyenionya.

Mchana tukapanda kivuko cha Cais do Sodré kwenda Cacilhas, haifiki euro mbili, dakika kumi juu ya mto Tejo, daraja jekundu kulia, mji mzima wa vilima nyuma yako unang'aa. Kuna boti za watalii zinauza mandhari hiyo hiyo kwa bei ya kiatu. Upande wa pili tukala samaki, tukarudi.

Zawadi: sardini za makopo, usinunue kwenye yale maduka yaliyopambwa kama sarakasi, ingia supamaketi ya kawaida bei ni sehemu ndogo sana ya ile. Nilimuuliza dada wa dukani "copo, sardinha, copo", akaniletea glasi. Kopo lao ni lata. Tulibeba makopo nane, yamebaki mawili na yote nimeyaficha.